Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Apone: Zamu ya Wales Katika Gofu

Wahenga wetu walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini hawakutuambia mwenyeji afanyeje ikiwa mgeni mwenyewe ni mkubwa kuliko nyumba. Hayo ndiyo masuala yanayowakabili watu wa Wales juu ya mashindano ya gofu yaitwayo Open, nami nimeona si vibaya tuyapime kwa utaratibu, maana ndani yake mna mambo mazito kuliko fimbo na kijipira cheupe.

Kwanza tuelewane. Open ndiyo mashindano makongwe kupita yote makubwa ya gofu. Yalianza mwaka 1860 huko Prestwick, Uskoti, na desturi yake ni kuchezwa ufuoni, katika ardhi ya mchanga iliyo kati ya bahari na mashamba, ambako miti ni michache, nyasi ni ngumu, na upepo ndiye bwana wa nyumba. Tangu hapo yamezunguka Uskoti na Uingereza, na mara tatu yamevuka maji hadi kiwanja cha Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini, katika miaka 1951, 2019 na 2025. Wales, iliyo nchi ya nne ya ufalme huo huo, haijapata zamu hata siku moja. Fikiria, ndugu msomaji, jamaa wa ndugu wanne, na kila mwaka karamu huandaliwa majumbani mwa watatu tu.

Si kwamba Wales haina wachezaji. Dai Rees alishika nafasi ya pili katika Open mara tatu, miaka 1953, 1954 na 1961. Ian Woosnam alitwaa Masters ya Marekani mwaka 1991. Wote hao iliwabidi wakatafute sifa ugenini.

Je, kiwanja wanacho? Wanacho. Kusini mwa nchi hiyo, maili zisizofika 30 kutoka Cardiff, kuna Royal Porthcawl, klabu iliyoanzishwa mwaka 1891 na kupewa cheo cha kifalme mwaka 1909. Mashimo yake yote 18 yanatazamana na bahari, wala hakuna vilima virefu vya mchanga vya kumkinga mchezaji na upepo.

Wako wanaobeza kwamba kiwanja hicho ni rahisi mno kwa mabingwa wa leo. Hushika ushahidi wa mwaka 2014, wakati Bernhard Langer wa Ujerumani aliposhinda Open ya wachezaji waliotimiza miaka 50 kwa mapigo 18 chini ya kiwango, akamwacha aliyemfuata kwa mapigo 13. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mwaka 2023 mashindano yayo hayo yalirudi Porthcawl, mvua na upepo vikashika zamu, na Alex Cejka akashinda baada ya kumaliza mapigo matano juu ya kiwango na kulazimika kucheza tena na Padraig Harrington ili mshindi apatikane. Kiwanja ni kile kile. Mtu wa pwani hana haja ya kufunzwa jambo hili, kwani anajua bahari ya kusi si bahari ya kaskazi.

Tena Porthcawl si mgeni wa mambo makubwa. Mwaka 1995 vijana wa Marekani wasiocheza kwa malipo, na Tiger Woods akiwa mmoja wao, walishindwa hapo katika Kombe la Walker. Na mwaka 2025 Open ya wanawake ilichezwa Wales kwa mara ya kwanza, papo hapo Porthcawl, na Miyu Yamashita wa Japani akaondoka na kombe kwa mapigo 11 chini ya kiwango. Basi sioni kwa nini nyasi zinazowafaa mabingwa wa kike zisiwafae mabingwa wa kiume.

Ila tusijidanganye. Kinachopungua si nyasi, bali ni nafasi na njia. Portrush mwaka 2025 ilipokea watazamaji wapatao 278,000. Porthcawl ni mji wa watu 16,000 hivi. Watu hao wote wapite wapi, walale wapi, na mahema yasimamishwe wapi? Reli ya abiria iliyoingia Porthcawl ilifungwa mwaka 1963, na leo msafiri hushukia Pyle, kisha atafute gari. Hili si jambo dogo. Kiwanja cha Turnberry, Uskoti, kinasifiwa na wengi kwa uzuri, lakini hakijapewa Open tangu mwaka 2009, na miongoni mwa sababu zilizotajwa na R&A, wasimamizi wa mashindano hayo, ni barabara, reli na mahali pa kulala.

Wengine wakifika hapa hufunga mjadala. Mimi siufungi, kwa sababu Portrush ni mji mdogo kuliko Porthcawl. Ulingoja miaka 68 kati ya Open yake ya kwanza na ya pili, lakini haukungoja mikono mitupu. Yalijengwa mashimo mawili mapya, ili ardhi ya mashimo mawili ya mwisho ya zamani ipatikane kwa mahema na watu. Stesheni ya gari moshi nayo ikajengwa upya kabla ya wageni kufika mwaka 2019. Usione vyaelea, vyaundwa.

Sasa tuulize swali lenyewe: nani alipe, na nani apone? Hapo ndipo penye uzito. Porthcawl ilikuwa bandari ya makaa ya mawe katika karne ya 19, kisha ikashindwa na bandari kubwa zaidi za Barry na Port Talbot. Ikageuka mahali pa mapumziko ya wachimba migodi na aila zao, na migodi nayo ikafungwa. Makaa hayo ya Wales ndiyo yaliyoendesha meli za dunia, na ndiyo yaliyowavuta mabaharia wa Yemen na Somalia, ndugu zetu katika dini, wakakaa Butetown, Cardiff, na vizazi vyao wako huko hadi leo. Kisha Septemba 2024, huko Port Talbot, jirani wa Porthcawl, tanuri la mwisho la kuyeyushia chuma cha madini lilizimwa, na watu wapatao 2,000 wakapoteza kazi.

Mtu aliyeachishwa kazi tanurini akiambiwa kwamba fedha za umma zitatumika kwa mchezo wa siku nne wa matajiri, ana haki ya kununa. Hoja yake siibezi. Kama fedha hizo zitaishia kwenye mahema yatakayokunjwa Jumatatu, basi heri zisitolewe. Lakini zikiwa za barabara, za mabasi na stesheni iliyo bora, na za nyumba za wageni zitakazofanya kazi masika na kipupwe, basi mashindano yatakuwa sababu tu, na faida itabaki kwa wenyeji.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Wales yaweza kuandaa Open, na inastahili. Imekuwa ikisemwa kwamba R&A wanakichunguza hata kiwanja cha Portmarnock karibu na Dublin, nje kabisa ya ufalme huo. Itakuwa ajabu karamu ivuke mpaka kabla ya kufika kwa ndugu wa nne. Lakini Wales nayo isiombe zamu kwa kuonewa huruma wala kwa kulilia heshima. Ianze na njia na reli, iongeze nafasi, na iwaulize watu wa Porthcawl wanataka wabakiwe na nini wageni wakishaondoka.

Mgeni na aje, inshallah. Ila akiondoka, mwenyeji aonekane amepona kweli.