Kilomita ya Maramu Ni Pesa Ngapi?

Ndugu zangu wa Bungoma na Kitale, bila shaka mnakumbuka zile wilbaro. Mwaka 2015 nchi nzima iligutuka kusikia kaunti ya Bungoma imenunua wilbaro 10, kila moja Sh109,320. Hatukungoja wakili atueleze kwamba tumeibiwa. Bei tuliijua: kwenye hadwea yoyote mjini, wilbaro haikufika hata elfu kumi.

Sasa niwaulize: kilomita moja ya barabara ya maramu ni pesa ngapi? Hatujui, na kwa kuwa hatujui, pesa zetu zinamwagwa njiani mchana kweupe na sisi tunapiga makofi.

Njia ya kwetu iliwekwa maramu wakati wa kiangazi. Greda likapita, picha zikapigwa. Mvua ya Aprili ilipoanza, lori la mbolea lilikwama palepale linapokwama miaka yote. Nilichukua panga nikachimba katikati ya njia. Maramu vidole viwili, chini yake tope. Barabara kama hizi kwa kawaida huwekwa sentimita 15, tena baada ya kushindiliwa. Hasara hiyo tunaibeba sisi kila siku: boda anapandisha nauli, dalali anashusha bei ya gunia kwa kusingizia njia mbaya.

Tumelalamika vya kutosha kwenye matatu na matangani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Ikikataa, tunakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Basi kila wadi iandike barua kuhusu barabara moja tu: tuonyeshwe mkataba, vipimo na bei ya kila kazi, na kiasi kilichokwisha kulipwa. Barua iwe na sahihi nyingi, na nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Majibu hayo tuende nayo kwenye vikao vya maoni ya bajeti, kabla wawakilishi wadi hawajaipitisha mwezi wa Juni.

Sisi tunaanza Jumamosi hii, saa nne asubuhi, pale lori lilipokwama. Njoo na kitambulisho na kalamu. Futi ya kupimia ninayo.