Kukunja Mbacha si Kuutupa

Saa nne za asubuhi, siku ya kazi, mtu mzima ameketi barazani na kikombe cha kahawa mkononi. Wapitao humtolea salamu, naye huitikia. Siku ya kwanza watu husema yuko livu. Wiki ikipita husema ni mgonjwa. Lakini mwezi ukiisha naye angali papo hapo na daftari lake, maneno huanza: "Kaachishwa huyo." "Hapana, kala pesa za watu." Hapana hata mmoja anayefikiri kwamba huenda mtu huyu ameomba mwenyewe ruhusa ya mwaka mmoja, na akili zake timamu, ili afanye jambo alilolitamani tangu ujana wake.

Zamani tulidhani kwamba kuisimamisha kazi kwa hiari ni jambo la Wazungu na walimu wa vyuo vikuu. Siku hizi hata huku kwetu, Mombasa, Malindi na Lamu, wako makarani, walimu, wauguzi na wapishi wa hoteli wanaojiuliza: Je, naweza kuiweka kazi kando miezi sita au mwaka, nikasoma Kiarabu sawasawa, au nikaandika habari za wazee wangu, au nikajifunza ufundi, kisha nikarudi? Na kabla hawajamaliza kuuliza, methali huwajibu: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Methali hiyo ni ya haki, wala hatuna nia ya kuibatilisha. Lakini tuisikilize vizuri. Yakataza kuuacha mbacha. Haikukataza kuukunja na kuuweka mahali pake. Khitilafu baina ya mawili hayo ndiyo shina la mazungumzo yetu.

Wala mtu wa pwani asiambiwe kwamba kusimama ni jambo geni. Kusi inapovuma kwa nguvu na bahari ikachafuka, wavuvi wengi wa vyombo vidogo hawatoki kama watokavyo wakati wa kaskazi. Chombo hupandishwa juu, kikakwanguliwa, kikakalafatiwa, na nyavu zikashonwa. Asiyekalafati chombo chake wakati huo, kaskazi ikirudi huenda baharini akirudi akifuta maji. Hoteli zetu za ufuoni nazo zina kusi yao: baina ya Aprili na Juni, masika yanaponyesha, wageni hupungua, na wafanyakazi wengi wa msimu hurudi makwao.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi. Ndege za abiria kutoka ng'ambo zikasimamishwa mwezi huo huo, zisirudi mpaka tarehe 1 Agosti. Mwezi wa Aprili njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa. Hoteli zikafunga milango. Wafanyakazi wengine walipelekwa likizo bila mshahara, wengine wakapunguzwa kabisa. Kusi hiyo haikuchaguliwa na mtu, na hatuwezi kuiita neema, maana wengi walilala na njaa. Lakini ilituachia somo moja: kazi tunayoiogopa kuiacha kwa miezi sita, yenyewe yaweza kutuacha kwa siku moja. Mwenye ujuzi wa pili mkononi, awe fundi cherehani, mchonga mbao au mwalimu wa watoto, alikuwa na pa kushika. Asiyekuwa nao alibaki akitazama bahari.

Huenda msomaji akasema: Basi si tuna likizo ya kila mwaka? Ni kweli. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila akitimiza miezi 12. Lakini tujihesabie. Arusi ya Lamu siku nne, matanga siku tatu, Idi mbili na maandalizi yake, mtoto kupelekwa shule, paa la nyumba kuzibwa. Zinazobaki ni za usingizi. Ama likizo ndefu isiyo na malipo, hiyo ni mapatano baina ya mtu na mwajiri wake. Mwajiri akikataa, mwenye ndoto hana budi kuchagua baina ya kungoja na kujiuzulu.

Hapa yafaa tumkumbuke mwanachuoni ambaye vitabu vyake havijatoka katika darsa zetu, Imam Ghazali. Mwaka 1091 aliwekwa kuwa mwalimu wa Nidhamiya ya Baghdad, madrasa kubwa ya zama zile. Alikuwa na cheo, na wanafunzi, na sauti mbele ya wakubwa. Miaka minne baadaye moyo wake ukamgomea. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyosita miezi kadhaa, leo akiazimia kuondoka, kesho akighairi, hata ulimi ukafungika asiweze kusomesha, na chakula kikawa hakipiti. Mwaka 1095 akaondoka, akaenda Sham, Baitul Muqaddas, kisha kuhiji. Katika miaka hiyo ya kuwa mbali na cheo ndimo ilimotoka Ihya. Mwaka 1106 alirudi kusomesha, safari hii Nishapur.

Watu hupenda kulisimulia kuondoka kwake, na husahau namna alivyoondoka. Hakutoka kama mtu aliyekasirika. Alimweka nduguye, Ahmad, asomeshe mahali pake. Mali yake aliigawa, lakini alibakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake. Na hata alipokuwa katika upweke wake, amesema, shughuli za jamaa na wito wa watoto vilimvuta arudi kwao. Mbacha wake aliukunja vizuri. Basi anayetaka kufuata mfano wa Ghazali katika kuondoka, na amfuate pia katika kuacha posho nyumbani.

Upande wa pili tumtazame Shaaban Robert. Tangu mwaka 1926 alikuwa mtumishi wa serikali huko Tanganyika, kwanza karani wa forodha, na vitabu vyake vingi aliviandika akiwa kazini, kwa saa alizoziiba katika mapumziko yake. Alifariki mwaka 1962, miaka michache tu baada ya kustaafu, hajatimiza miaka 54. Lau angalisema, "Nitaandika nikipata pensheni," tungalikuwa na kitu gani leo? Mtu huyu atufundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba si lazima kuacha kazi ili kutimiza azma, na kwamba kuiahirisha azma mpaka uzeeni ni kucheza kamari na umri. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba afya na faragha ni neema ambazo wengi wetu hupunjika kwazo.

Sasa tushuke kwenye hesabu, maana ndoto isiyo na hesabu huamsha mtu kwa deni. Tuseme nyumba yako hutumia shilingi 40,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 240,000. Ukiweka akiba shilingi 10,000 kila mwezi, wahitaji miaka miwili kamili kabla ya kuandika barua ya ruhusa. Mkopo wa chama cha ushirika haungoji ndoto yako; umalize kwanza au upange utakavyolipwa. Bima ya afya pia yataka kukumbukwa. Tangu Oktoba 2024, chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, mshahara ukikoma, makato hukoma, na ni juu yako kujilipia mwenyewe, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Ukisahau hilo, homa moja ya mtoto yaweza kula ndoto nzima. Tena mapatano na mwajiri yawe kwa maandishi: siku ya kutoka, siku ya kurudi, na cheo utakachorudia. Ahadi ya mdomo ya mkubwa wa leo haimfungi mkubwa wa kesho.

Baada ya hesabu ya fedha ipo hesabu ya nyumba. Mume anayetoka kazini bila kumshauri mkewe, huku chakula na karo vikimngoja, hatafuti ndoto, anaihama wajibu. Na wanawake nao tusiwasahau. Wako mabinti zetu walioacha kazi miaka mitano kwa ajili ya ulezi, nasi tukaita hayo mapumziko. Miezi mitatu ya uzazi inayotolewa na sheria si ya mtu kuandika kitabu. Ni ya kukesha. Akija siku moja akasema, "Baba Fulani, watoto wamekua. Nami nataka mwaka mmoja nimalize masomo yangu," asijibiwe kwamba amekwisha pumzika. Mwaka huo ni deni lake, na nyumba nzima yapaswa kumlipa.

La mwisho ni matumizi ya wakati wenyewe. Aliyezoea kuamrishwa na kengele ya kazi, kengele ikinyamaza hupotea. Mwezi wa kwanza hulala, wa pili hushika simu, wa tatu hushika mirungi, wa nne huona haya kutoka nje. Kwa hiyo likizo ndefu yataka ratiba kali kuliko ya kazini. Sisi tuna msaada ambao wengine hawana: siku yetu imekwisha katwa mafungu matano. Baina ya alfajiri na adhuhuri liwe la kazi ngumu, na baina ya alasiri na magharibi liwe la kupitia yaliyofanywa. Na azma iwe moja, inayoweza kuonekana kwa macho: juzuu kadhaa zilizohifadhiwa, mlango uliochongwa, daftari lililojaa habari za wazee kabla hawajatangulia mbele ya haki. Mwenye azma saba hurudi kazini mikono mitupu.

Nasi tunaokaa barazani tuna fungu letu. Ulimi wetu ndio unaowatisha watu wengi kuliko umaskini. Yuko mtu anayeamka kila siku akavaa viatu, akazunguka mji, ili tu tusijue kwamba hayuko kazini. Hata Ghazali, alipotoka Baghdad, aliwaambia watu kwamba aenda Makka hali alikusudia Sham, kwa kuchelea maneno na kuzuiliwa. Ikiwa mtu wa daraja ile alilazimika kujificha, itakuwaje karani wa bandarini?

Basi kesho ukimwona jirani yako na daftari lake saa nne za asubuhi, mpe salamu, mwagizie kahawa, umwulize amefika ukurasa wa ngapi. Mbacha wake haujatupwa. Umekunjwa tu, na Inshallah siku ya kuutandika atakuja kuutandika.