Waraka kwa maveterani wenzetu: tusiuziane haki

Ndugu zangu, kaka na dada tuliovaa sare ya Marekani na kula kiapo kimoja,

Nawaandikia kwa upendo, ila moyo ni mzito. Tulitoka Mombasa, Arusha, Bukavu na Bujumbura, tukakutana jeshini, na huko tulifundishwa kwamba mwenzako akianguka humwachi. Leo wapo kati yetu walionyimwa fidia ya ulemavu wakakata tamaa, na wapo wenzetu wanaowabishia hodi na mkataba mkononi: nikuandikie rufaa, ukishinda unilipe nyongeza yako ya miezi mitano. Kikulacho ki nguoni mwako. Jeraha la ndugu limegeuzwa mtaji, na anayelifanyia biashara anajua vizuri lilivyopatikana.

Tuelewane, ndugu zangu: kukataliwa si mwisho wa shauri. Mwenzetu mmoja aliyekuwa fundi wa magari jeshini aliniletea barua yake ya uamuzi. Alikuwa amesoma neno “limekataliwa” tu, akaikunja. Tulipoisoma pamoja tulikuta, kwenye orodha ya mambo yaliyokubaliwa, kwamba alifanya kazi kwenye kelele na kwamba masikio yake yanavuma. Kilichopungua ni maelezo ya daktari kuunganisha kelele ile na mvumo huu. Hilo ndilo la kutafuta, na halihitaji dalali.

Tangu Februari 2019 sheria imetuwekea njia tatu. Mwenye ushahidi mpya unaohusika huwasilisha dai la nyongeza. Anayeona ushahidi ulikuwepo ila ulipimwa vibaya huomba mapitio ya mwamuzi wa ngazi ya juu, na huko ushahidi mpya haupokelewi. Anayetaka shauri lake liamuliwe na jaji hukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Maveterani. Njia hizi mbili za mwisho zina mwaka mmoja tangu tarehe ya barua. Dai la nyongeza unaweza kulileta hata baadaye, lakini ukipitisha mwaka, kwa kawaida unapoteza malimbikizo yanayohesabiwa tangu dai la awali. Bodi nayo ikikukatalia, una siku 120 za kwenda mahakamani. Tena sheria inasema ushahidi wa pande mbili ukilingana, shaka iamuliwe kwa faida ya veterani.

Msaada wa bure upo. Disabled American Veterans, iliyoanzishwa 1920, na American Legion wana wawakilishi wenye idhini ya Idara ya Maveterani, na hawatozi hata senti. Wakili mwenye idhini anaweza kulipwa, lakini ni baada ya uamuzi wa kwanza kutoka. Asiye na idhini haruhusiwi kumwandalia mtu dai, hata kama anatoka kijiji kimoja nawe na mnasali pamoja. Akikuomba nywila ya akaunti yako, mfungie mlango.

Nawasihi pia mnaofundishana kutia chumvi mbele ya daktari anayewachunguza kwa ajili ya dai: uongo wa mmoja hututia doa sote. Lakini wengi wetu tuna kosa la upande wa pili, la kuficha maumivu kama tulivyolelewa. Daktari akikuuliza hali, usimjibu “mzima tu” kwa adabu. Mweleze usiku usiolala, ngazi usizoweza kupanda, mtoto usiyeweza kumbeba. Ukweli mtupu, bila kuupunguza wala kuuongeza, ndio silaha yetu.

Basi, aliyemtoza ndugu yake amrudishie, na tutampokea bila masimango. Mwenye barua ya kukataliwa aangalie tarehe yake leo, ampigie simu mwakilishi mwenye idhini, na akihitaji mtu wa kuongozana naye au kumtafsiria, aseme. Kumsindikiza ni wajibu wetu, na wajibu huu haulipishwi.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti