Kabureta Safi, Pikipiki Mgonjwa

Mahindi yakianza kutoka mashambani, bodaboda za Sumbawanga hugeuka malori. Magunia nyuma, dereva kakalia tangi, kilima mbele. Ndiyo miezi karakana yangu inapojaa, na maneno ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Fundi, kabureta nimeosha juzi tu, lakini sasa ndiyo imekuwa mbaya zaidi." Ukiiwasha inakubali, ukiiacha inazima. Ukivuta resi inakohoa, kisha inashtuka na kukurupuka. Mara moja moja huletwa pikipiki ya magurudumu manne, ile ya kutembelea mashamba makubwa, na mwenyewe hudhani ugonjwa wake ni wa kitaalamu zaidi. Hapana. Kabureta ni kabureta.

Kuosha kabureta kumekuwa Panadol ya pikipiki. Ikikosa nguvu, osha. Ikila mafuta, osha. Ikigoma asubuhi ya Julai, baridi ya Ufipa inapokata vidole, osha. Ninaelewa kwa nini. Mteja anaona kopo linafunguliwa, anaona uchafu unamwagika, anaona kitu kinarudi king'aavu, na hapo haoni tabu kutoa hela. Lakini nikitumia nusu saa kusikiliza injini, kuchomoa plagi na kuzunguka na pikipiki mpaka barabara ya Matai na kurudi bila kufungua hata skrubu moja, ataniuliza: "Umeangalia tu, unanidai nini?" Mafundi nao si wajinga. Kama kutafuta ugonjwa hakulipwi na kufungua kunalipwa, watafungua.

Sasa tuingie kwenye kabureta yenyewe, maana huko ndiko ubishi unakoanzia.

Kuna jeti mbili: kubwa ya mwendo, na ndogo tunayoiita slow, inayoilisha injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kuvutwa resi. Tundu la hiyo ndogo halifikii nusu milimita. Linaziba kwa ulimbo wa petroli iliyolala, nalo ndilo ambalo fundi mwenye haraka hulipuliza kidogo tu, kisha akairudisha jeti. Nyumba nzima imefagiliwa, mlango umeachwa umefungwa. Au anafanya kibaya zaidi: anachukua uzi wa waya wa klachi na kulichokonoa nao. Shaba ni laini. Tundu likishakwanguka halirudi, na kuanzia siku hiyo pikipiki itakunywa mafuta mpaka jeti ibadilishwe. Mimi hutumia kimiminika cha kuoshea, upepo wa kompresa, kisha naiinua jeti juani na kuchungulia. Nisipoona duara kamili la mwanga, haijaoshwa.

Halafu vipo vitu vidogo. Chini ya skrubu ya mchanganyiko kuna springi, na kwenye kabureta nyingine kuna pia washa nyembamba na kioringi kidogo sana. Fundi akipuliza kabureta kwa kompresa bila kukitoa kioringi hicho, kinaruka na hakuna anayejua kimeangukia wapi. Boya likipindishwa kidogo wakati wa kusafisha, petroli inapanda kupita kiasi na kumwagika, au inakaa chini na injini inakosa pumzi ukiwa katikati ya kilima. Klipu ya sindano ikirudishwa kwenye mfuo mwingine, tabia yote ya resi inabadilika. Na manifoldi, ile shingo kati ya kabureta na injini, ikikazwa upande au mpira wake ukiwa na ufa, inavuta hewa ya wizi. Hilo la mwisho ni rahisi kulikamata: injini ikiwa inaunguruma, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umeshamkamata mwizi.

Ndiyo maana dereva akija namuuliza kwanza inasumbua wapi kwenye resi, kabla sijauliza ilioshwa na nani. Kama inazima ikiwa sailensa lakini ikikimbia iko vizuri, naenda kwenye jeti ndogo, skrubu yake na hewa ya wizi. Kama inakwama resi ikiwa nusu, natazama sindano na klipu yake. Kama inakata pumzi resi ikiwa mwisho, ni jeti kubwa, au boya, au petroli haishuki sawasawa kutoka kwenye tangi. Plagi nayo inasema: nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi, nyeupe, hewa imezidi, kahawia kama kahawa ya maziwa, iache ilivyo.

Skrubu ya mchanganyiko ndiyo inayogombanisha mafundi wengi, na ugomvi wenyewe hauna sababu. Ikiwa iko upande wa klina ya hewa, ni skrubu ya hewa: ukiikaza unapunguza hewa, mafuta yanazidi. Ikiwa upande wa injini, ni ya petroli: ukiikaza unapunguza mafuta. Mtu aliyejifunzia kwenye aina moja akikutana na nyingine atazungusha kinyume siku nzima, na atalaumu spea za bei rahisi. Ikaze mpaka mwisho taratibu, ilegeze mzunguko mmoja na nusu, injini ikiwa ya moto, kisha sogeza robo robo na usikilize.

Yote haya yangetosha kama tungekuwa Dar es Salaam. Hatuko Dar es Salaam. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mvuto injini inapata hewa pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ingepata Pwani. Petroli haipungui kwa kiasi hicho hicho. Pikipiki iliyosetiwa chini ikipandishwa Ufipa inakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, inatoa moshi na kulegea mlimani, na hapo hata uioshe mara ngapi huoshi mwinuko wa nchi. Kinyume chake pia kipo. Fundi wa mjini akipunguza jeti mpaka pikipiki ikatulia, kisha dereva akavuka milima ya Mbizi na kuteremka bondeni, Muze au Mtowisa, amekwenda karibu mita elfu moja chini. Kule hewa ni nzito. Mafuta hayatoshi, injini inachemka. Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, ni habari hiyo hiyo upande wa pili. Kwa hiyo swali langu la pili kwa dereva ni kazi zake ziko wapi. Pikipiki ya bondeni huwa naiacha na mafuta zaidi kidogo kuliko masikio yangu yanavyotaka hapa mjini.

Na nchi hii ilijua mambo ya hewa zamani. Wahunzi wa Kifipa walijenga malungu, matanuru ya udongo ya kama mita tatu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia mabomba ya udongo chini, bila mivukuto. Mivukuto ilingoja tanuru dogo, kintengwe, la kusafishia kile kilichotoka kwenye lile kubwa. Mabaki ya malungu bado yanaonekana huko vijijini. Walijenga kwa hewa ya hapa, si ya Bagamoyo.

Tukirudi karakanani, pikipiki nyingi ninazoletewa hazikuwa na kosa la kabureta tangu mwanzo. Tapeti zimekaza, mgandamizo umepungua, injini haiwezi kuvuta. Au kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko wa tangi kimeziba kwa tope: inakwenda vizuri kilomita kadhaa kisha inakufa, na ukifungua mfuniko inafufuka. Au ni petroli ya chupa. Zamani tulilaumu mafuta ya taa yaliyochanganywa humo. Tangu kodi yake ipandishwe mwaka 2011 ili kuua uchakachuaji, faida ya kuchanganya imepungua. Siku hizi kwenye kopo la kabureta nakuta maji na mchanga wa kidumu. Ukiosha kabureta bila kumwaga tangi na kuweka chujio, umeosha sahani ukapakulia chakula kile kile.

Nani anaumia? Dereva wa mkataba. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni, kabureta ikohoe isikohoe, na matengenezo madogo ni ya dereva. Akiosha mara tatu bila kupona, ametoa fedha ambayo ingenunua plagi, chujio na kuseti tapeti, na chenji ikabaki. Kwa hiyo nasema wazi, hata kama wenzangu watanuna: tutoze fedha ya uchunguzi, ndogo na inayojulikana, iwe tumefungua au hatukufungua. Mteja naye ailipe bila kinyongo, na akabidhiwe pikipiki baada ya kuijaribu kwenye kilima, akiwa na mzigo, si pale uani kwangu ikiwa sailensa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa mafundi tuliojifunzia chini ya mwembe. Ni jambo jema. Wakija kutupima, wasituulize tu majina ya sehemu. Watupe pikipiki inayomisi na watuzuie kuifungua kwa dakika kumi za mwanzo.

Wenye maduka ya spea nao wanahusika. Ukiomba jeti ndogo au kioringi cha skrubu, unaoneshwa kabureta nzima ndani ya boksi, imetoka Kariakoo, na bei yake ni ya kabureta nzima. Anayekosa kioringi anaweka uzi wa nailoni, na mwezi unaofuata amerudi kwangu. Wanapotuma oda nyingine, waagize jeti moja moja za namba tofauti, kubwa na ndogo kidogo ya ile ya kiwandani, pamoja na seti za oringi na gasketi. Mimi wa kwanza nitanunua, na fedha taslimu.