Baisa Zikipishana, Tusikimbilie Kuitana Wezi

Kwenye vikundi vyetu vya akiba huku Oman, ugomvi mara nyingi hauanzi na hela kubwa. Mhazini anatuma hesabu ya mwezi, mwenzake anapiga upya kwenye simu yake, baisa hazilingani. Kabla ya jioni watu wameshaitana wezi. Sisi tunasema ngojeni kwanza, tuulize hesabu imepigwaje.

Kompyuta na simu zinahesabu kwa sifuri na moja tu. Kwa namna hiyo 0.1 haiandikiki ikaisha, kama sisi tunavyoandika theluthi 0.333 bila kufika mwisho. Basi mashine inakata mahali. Ndiyo maana kwenye programu nyingi ukijumlisha 0.1 na 0.2, halafu 0.3, ndani yake inatoka 0.6000000000000001. Anza na 0.2 na 0.3, kisha ongeza 0.1, inatoka 0.6. Namba zilezile, majibu mawili.

Chembe hiyo haimli mtu. Kinachouma ni kukata njiani. Gawa riali 100 kwa watu saba. Ukikata chini, kila mmoja anapata 14.285 na zinabaki baisa 5. Ukipeleka kwenye baisa iliyo karibu, 14.286, jumla inazidi baisa 2. Hapo nani mwizi? Hakuna.

Lakini kukata upande mmoja kila mara tusikudharau. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo chake cha bei mwaka 1982 kwa pointi 1000. Kila kilipopigwa upya, maelfu ya mara kwa siku, walibakiza tarakimu tatu baada ya nukta, kama baisa zetu, na zilizofuata wakazitupa. Novemba 1983 kilisoma karibu 525. Kiliporekebishwa kikasoma karibu 1099!

Kwa hiyo kikundi kiandike kanuni kabla ya mchango wa kwanza. Hesabu ziwekwe kwa baisa nzima, bila nukta. Kukata kufanyike mara moja tu, mwishoni. Masalio yaingie mfuko wa dharura, wote wakiona.

Baada ya hapo kuuliza si kumvunjia mtu heshima. Mashine haina ndugu wala rafiki. Makato yakiangukia mfuko mmoja kila mwezi, huo ni uamuzi wa mtu. Haba na haba hujaza kibaba, na ni haki yetu kujua ni kibaba cha nani.