Programu Huria Si Programu ya Kutelekezwa

Kila taasisi inayotumia programu huria ijiulize leo: toleo tulilonalo bado linatunzwa?

Desemba 2021 ilitangazwa kasoro kwenye Log4j, programu huria inayoandika kumbukumbu za matukio ndani ya mifumo ya Java. Mtu aliye mbali aliweza kuiteka seva kwa kuipelekea mstari mmoja wa maandishi. Watunzaji wake, wengi wao wakijitolea, walitoa toleo 2.15.0. Likaonekana halitoshi. Zikafuata 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1, zote kabla mwaka haujaisha. Hata waliobaki na Java 7 na Java 6 walitengenezewa matoleo yao. Tungependa kumwona mzabuni wa kulipwa anayekimbia hivyo.

Log4j ya kwanza haikupata kitu, kwa kuwa ilifungwa rasmi Agosti 2015. Kasoro ile kuu haikuwa yake, na wenye mifumo ya zamani wakashangilia. Walishangilia bure: ina kasoro zake nyingine, na Apache, taasisi inayoisimamia, haizirekebishi tena.

Lawama hapa si za watunzaji. Hakuna anayeweza kutunza kila toleo milele, na wengi wao hutangaza mapema watakapoishia. Chukua lugha ya programu ya Python: Python 3, mrithi wa Python 2, ilitoka mwaka 2008. Python 2 iliachwa rasmi Januari 1, 2020. Aliyekutwa bado amelala hakuonewa.

Kwetu jambo hili linagusa hospitali. Takwimu za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hukusanywa kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Utaratibu wao ni kutunza matoleo matatu ya karibuni. Ukibaki nyuma zaidi ya hapo, viraka vya usalama havikuhusu.

Mafundi wanalijua hilo. Wanachoogopa ni kuhamia toleo jipya halafu ripoti za mwisho wa mwezi zikagoma. Hofu yao ni ya haki, na ndiyo sababu watengenezaji hawana budi kutenga marekebisho na mapambo: anayetaka kiraka asilazimishwe kumeza menyu mpya. Ila dawa ya hofu ni seva ya majaribio na mtu wa kuijaribu, na vyote viwili vinataka fedha. Fedha za miradi hujenga mfumo, hukata utepe, huisha. Matunzo hayana fungu, kwa kuwa mtu fulani alishaandika kwamba programu huria ni ya bure.

Wakuu wa vitengo vya TEHAMA, kabla ya kusaini mkataba ujao ulizeni mambo mawili: toleo hili litatunzwa hadi lini, na nani atalipia kuhamia lijalo? Mzabuni asipokuwa na jibu, msisaini.