Jumla ya mwezi haimtoshi mkulima wa pamba

Kubana takwimu za mvua za kila siku ziwe za mwezi kunaokoa nafasi, sawa. Lakini huku Nkololo, Bariadi, milimita 100 za Desemba peke yake hazinisaidii. Zikimwagika zote kwa siku mbili, kwenye udongo wa mbuga maji yanatuama, miche ya pamba inageuka njano, kisha ardhi inapasuka kwa jua. Zikigawanyika siku kumi, pamba inashika vizuri. Kwenye jumla, Desemba hizo mbili zinafanana kabisa! Tafadhali, ninyi mnaotunza takwimu, kabla hamjafuta za kila siku, hifadhini pia idadi ya siku za mvua, mvua kubwa zaidi ya siku moja, na kipindi kirefu zaidi cha ukavu. Namba tatu tu kwa mwezi.